Kubandika kapeti la gundi nyumbani kwa sisi wa Mtwara na Lindi: malizana na sakafu kwanza

Wadau habari zenu. Naona siku hizi kila nyumba inataka kapeti la kubandika, lile la ukuta mpaka ukuta, sio la kutandika tu ukakunja ukitaka kufagia. Kiukweli likikaa vizuri chumba kinabadilika kabisa. Ila huku kwetu yanabanduka sana jamani, miezi michache tu pembe zimeinuka, katikati limevimba, chumba kinatoa uvundo, alafu lawama zote anabebeshwa fundi au gundi. Mi nasema mara nyingi sio fundi wala gundi, ni sakafu, na tena ni muda wenyewe tunaochagua kubandika.

Huku hela inaingia msimu wa korosho. Minada ikishaanza Oktoba, watu wakalipwa kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), hapo ndio unaona mabati yanapanda, masofa yanashushwa na makapeti yanakuja na mabasi kutoka Kariakoo. Sasa mvua zetu huku kusini ni msimu mmoja mrefu, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili huko, kwahiyo kapeti linabandikwa wakati huohuo ardhi inaanza kuloa, unyevu unapanda kupitia kwenye zege, unakuta gundi imezibwa juu na kapeti haina pa kupumulia, inalainika, basi kazi imeisha. Ushauri wangu ni nunua kapeti hela ikiwepo maana hela haikai, lakini lihifadhi, limeviringishwa vizuri, limelazwa juu ya mbao au meza mbali na panya, usilisimamishe kwenye kona maana linajikunja linaweka mikunjo isiyotoka. Alafu ubandike kati ya Juni na Oktoba mwanzoni, kusi linavuma, sakafu imekauka. Kama umeshindwa kusubiri, basi hiki kipimo kinachofuata usikiruke kabisa.

Chukua kipande cha nailoni nzito inayopitisha mwanga, kama sentimita 45 kwa 45, kiweke juu ya sakafu iliyosafishwa, kibandike pande zote nne kwa tepu ya maboksi hewa isipite. Kiache usiku mzima na mchana wake, yaani isipungue masaa 16, mi napendelea siku nzima kabisa. Ukifunua ukakuta matone ya maji kwa ndani au sakafu pale chini imekuwa nyeusi kuliko pembeni, hiyo sakafu ina maji, usibandike. Pima sehemu zaidi ya moja, hasa upande wa ukuta wa nje, ukuta unaopakana na bafu, na pale karibu na mlango wa uani. Nyumba za zamani za mawe na chokaa kama zile za Mikindani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu chini ya sakafu, kwahiyo usishangae zikifeli hata mwezi wa nane.

Na ikifeli ufanye nini? Watu wanakimbilia kapeti la plastiki eti maji hayapiti. Sawa hayapiti, yanabaki chini yake sakafu inaota ukungu mweusi ukija kufunua utakimbia. Sakafu ya namna hiyo tandika mkeka au zulia la kawaida ambalo unaweza kulitoa likapigwa jua, alafu tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Mara nyingine ni bomba tu la bafuni linavuja, au maji ya paa yanaangukia kwenye msingi hakuna mfereji.

Kuna dalili nyingine kwa sisi wa pwani, ule unga mweupe unaotoka sakafuni, ukifagia leo wiki ijayo umerudi. Ile ni chumvi. Kuna nyumba zilijengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa, chumvi iko ndani ya sakafu na inavuta maji kila hewa ikiwa nzito. Kama unga ni kidogo na kipimo cha nailoni kimepita, kwangua kwa brashi ya waya, fagia, pitisha kitambaa kibichi, acha ikauke. Kama ni mwingi sakafu inabanduka magamba, hapo ni kuvunja hilo tabaka la juu na kupiga upya, gundi haiwezi kushika unga.

Sakafu mpya nayo isikudanganye. Watu wanasikia siku 28 wanadhani zege limekauka, hizo ni siku za kukomaa, kukauka ni kitu kingine. Hesabu ya mafundi wengi ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene, kwahiyo zege la inchi nne ni miezi kama minne, na hapo ni hewa ikiwa kavu. Fundi akikugonga bega akakwambia "mama sakafu imekauka hii, ona ilivyo nyeupe", mwambie "sawa mwanangu, ila tuweke nailoni tuone". Hawezi kukasirika, na akikasirika ujue kwanini.

Sasa kuna sakafu nyekundu. Ukienda nyumba nyingi za zamani Lindi mjini, Mtwara, Masasi, Newala, sakafu imepigwa rangi nyekundu na polishi miaka na miaka, inang'aa unajiona. Hiyo polishi ni nta, na gundi juu ya nta inashika leo kesho inaachia. Cha kufanya dondosha matone machache ya maji sehemu mbalimbali kisha subiri dakika chache. Yakibaki yamesimama kama umande kwenye jani la mgomba, nta bado ipo. Yakizama na sakafu kubadilika rangi, uko salama. Kuitoa ni kazi ya mikono, maji ya moto na sabuni ya unga, brashi ngumu, suuza, rudia, alafu ikishakauka pitisha msasa wa punje nene. Usitumie mafuta ya taa kuisafisha, yataingia ndani ya simenti na utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo. Sakafu ya niru (ule uji wa simenti unaolainishwa juu) ikiwa laini sana nayo ni hivyohivyo, ipige msasa mpaka ule mng'ao ufe, gundi inataka mahali pa kung'ang'ania.

Nyufa na mashimo ziba kwa simenti na mchanga laini uliochekechwa, sawazisha na ubao ulionyooka. Lala chini kabisa weka ubao ule sakafuni angalia mwanga unapita wapi, penye uwazi wa zaidi ya milimita tatu au nne jaza, penye kinundu kwangua. Ukiona kazi hii inachosha kumbuka kapeti la gundi halifichi kitu, hasa haya membamba ya ofisini, kila kokoto utaliona mchana jua likiingia dirishani.

Kuhusu kapeti lenyewe. La kubandika zuri ni lile lenye mgongo mkavu wa nyuzi za plastiki au wa mpira mwembamba. Yale yenye manyoya marefu na sponji nene mgongoni mi siyapendi kwa gundi, sponji inachanika na ukija kuling'oa nusu inabaki sakafuni. Yenye mgongo wa nyuzi za katani au juti epuka kabisa, huku mchwa wapo na ule ni ugali na mboga kwao. Kama nyumba ina historia ya mchwa piga dawa kwenye kingo za sakafu na uache siku kadhaa ikauke kabla hujaanza.

Vipimo. Pima chumba urefu na upana sehemu tatu tatu, maana kuta zetu hazijanyooka tusidanganyane, chukua kile kipimo kirefu zaidi ongeza sentimita 10. Tuchukue mfano chumba cha futi 10 kwa 12, hiyo ni kama mita 3.05 kwa 3.66. Ukipata roli la upana wa mita 4, unakata mita 3.15 tu na hakuna kiungo hata kimoja, hiyo ndio raha. Ukipata la upana wa mita 2, utahitaji vipande viwili. Ukivilaza kufuata upande mrefu kila kimoja ni mita 3.76, jumla mita 7.52. Ukivilaza kufuata upande mfupi kila kimoja ni mita 3.15, jumla 6.3, na bado vinafunika chumba chote. Zaidi ya mita moja hiyo umeokoa kwa kugeuza tu. Ila angalia kiungo kitaangukia wapi, kisiwe katikati ya njia ya mlangoni ambapo kila mtu anakanyaga.

Likisafirishwa kutoka Dar waambie waliviringishe kwenye paipu, wasilikunje. Likifika, litandaze humohumo chumbani siku moja au mbili kabla, lijinyooshe na lizoee hewa. Na geuza mgongo uangalie mishale, kama haipo pitisha mkono juu ujue manyoya yamelalia wapi. Vipande vyote vilalie upande mmoja, ukikosea kimoja rangi itaonekana tofauti hata kama ni roli moja.

Gundi sasa, hapa ndio watu wanapigwa. Unaingia dukani unauliza "kaka hii ni ya kapeti au ya masofa?" unajibiwa "hiyohiyo bosi, inashika kila kitu." Haishiki kila kitu. Ya masofa na viatu, ile ya njano yenye harufu kali, inashika papo hapo, ukishagusisha huwezi kusogeza, kwa chumba kizima mtu wa nyumbani utajichanganya tu, labda uitumie kwenye kingo na ngazi. Alafu mvuke wake unashika moto haraka na unalewesha, kwahiyo ukiitumia madirisha wazi, watoto nje, jiko la mkaa na gesi vizimwe kabisa hata kama liko chumba cha pili, sigara usiulize. Gundi nyeupe ya mbao nayo hapana, nyingi zikipata unyevu zinalainika tena, na huku kwetu unyevu haukosi. Tafuta gundi ya kapeti ya maji iliyoandikwa ni ya kapeti, soma kwenye kopo inatosha mita ngapi. Nyingi zinakula kama gramu 300 mpaka 500 kwa mita mraba, sakafu iliyokwaruzwa inakunywa zaidi, kwahiyo kile chumba chetu cha mita mraba 11 na kitu hesabu kilo 5 au 6 uwe na akiba.

Vifaa vingine ni tepu ya kupimia, chaki, rula ndefu ya chuma au kipande cha alumini kilichonyooka, kisu cha nyembe kile cha mafundi jipsamu na nyembe za kubadilisha nyingi, na mwiko wa meno. Mwiko wa vigae usitumie, meno yake makubwa, gundi itakuwa nyingi mpaka itokeze juu kwenye manyoya. Unataka meno ya milimita 2 au 3 tu. Ukikosa, chukua kipande cha msumeno mkuukuu wa mbao, kinafanya kazi vizuri sana.

Siku ya kazi anza asubuhi umande ukishaondoka, sio saa saba mchana bati limepamba moto maana gundi itaota ngozi kabla hujaweka kapeti. Toa kila kitu chumbani. Ng'oa mlango kwenye bawaba, na kabla ya yote angalia kama utafunguka juu ya kapeti, kama utakwaruza mwite seremala aupige randa chini mapema.

Tandaza kapeti kavu bila gundi, liache lipande ukutani kama sentimita 3 mpaka 5 kila upande. Kata kwenye kona mkato mdogo wa wima ili likae. Likishakaa sawa kunja nusu yake irudi juu ya nusu nyingine, piga mstari wa chaki sakafuni pale lilipokunjikia. Mwaga gundi kidogo kidogo uanzie ukutani ukirudi kwenye mstari, vuta mwiko ukiwa umeulaza kidogo, unatakiwa uone mistari mistari kama michirizi ya matuta, sio dimbwi na sio vipara. Kisha subiri. Hapa mikono inawasha lakini subiri, dakika 10, 15, hewa ikiwa nzito inaweza kufika nusu saa. Gusa kwa kidole, ikinata na kuvutika nyuzi bila kukuachia tope kidoleni ndio tayari. Rudisha kapeti taratibu kutokea katikati kwenda ukutani, usilidondoshe lote kwa mkupuo utafungia hewa. Sugua kwa ubao uliozungushiwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, kwa nguvu, alafu pitisha kitu kizito cha kuviringisha. Mafundi wenye vifaa wana rola ya kilo 35 hivi, wewe nyumbani tumia paipu nene la chuma lililofungwa kitambaa huku mmoja amelikandamiza, au dumu la mviringo la lita 20 lililojaa maji ulilaze ulisukume, hakikisha mfuniko haufunguki tu. Ukimaliza nusu ya kwanza kunja ya pili ufanye vilevile.

Kiungo nitakaa nacho kidogo maana ndicho kinachoonyesha kazi ya mtu. Kwa kapeti fupi la kubanwa, lisilo na manyoya, laza kipande cha pili juu ya cha kwanza wapandane sentimita 5, wote bado hawajagusa gundi pale kwenye kiungo. Weka rula katikati ya hiyo sehemu iliyopandana, simama juu yake kwa goti, badilisha nyembe iwe mpya kabisa, alafu kata vipande vyote viwili kwa pamoja, mkono mmoja usiosita kuanzia ukuta mpaka ukuta. Ukisita katikati utaona jino. Vua mkia wa juu, inua uvue na mkia wa chini, hapo kingo mbili zinakutana zenyewe hata kama mkono wako uliyumba kidogo, maana ziliyumba pamoja. Paka gundi sakafuni, na kabla ya kukutanisha pitisha uzi mwembamba wa gundi kwenye ukingo wa mgongo wa kipande kimoja, hiyo inazuia nyuzi kuchomoka. Kutanisha, zisukumane kidogo lakini zisipande, sugua kwa mgongo wa kijiko mstari wote. Gundi ikitokeza juu futa hapohapo na kitambaa kibichi, ikishakauka ni alama ya milele. Kapeti lenye manyoya usikate hivi kutokea juu, ligeuze ukate mgongoni kufuata mstari wa ufumaji, la sivyo utanyoa manyoya upande mmoja ubaki na kipara.

Kingo za ukutani zisukume kwenye kona kwa mwiko butu mpaka zipate mkunjo mkali, alafu kata ukifuata ukuta huku nyembe imelalia upande wa ukuta. Bora ubakize milimita mbili uzisokomeze kuliko kukata fupi. Ukiwa na skatingi ya mbao ipigilie baadae juu yake, inafunika dhambi zote. Mlangoni weka ule ukanda wa alumini wenye matundu ya skrubu, usiache ukingo wazi, pale ndipo linapoanzia kubanduka na ndipo bibi anapojikwaa.

Masaa 24 mtu asikanyage, na kabati, kitanda, masofa visubiri siku mbili. Najua wageni wa harusi wanakuja, walale kwa jirani. Madirisha acha wazi mchana, usimwage maji wala kudeki.

Baada ya siku chache ukiona kivimbe, usikichane chote. Nunua bomba la sindano duka la dawa, toboa mkato mdogo kufuata manyoya, ingiza gundi, kandamiza, weka tofali juu ya kipande cha nailoni mpaka kesho yake. Vivimbe vikiwa vingi na vinatokea upande mmoja wa chumba usijisumbue na sindano, rudi kwenye maji, unyevu unapita hapo.

Kwa wapangaji, mwambieni mwenye nyumba kabla. Kuling'oa ni kukwangua siku nzima na mara nyingine sakafu inatoka nalo, alafu atakata kwenye hela yenu. Kama hamna uhakika wa kukaa, tumieni tepu ya pande mbili kingo zote tu, katikati liache.

Usafi ni brashi laini, ufagio wa chelewa unavuta nyuzi. Mchanga wetu huu wa Mtwara ndio unaokata kapeti chini chini kila ukikanyaga, kwahiyo weka la kufutia miguu nje ya mlango na jingine ndani. Na vile vipande vilivyobaki usigawe vyote kwa majirani. Siku chetezo kikidondosha kaa la udi, na kitadondosha, unaweka kipande kipya juu ya pale palipoungua manyoya yakiwa yameelekea upande uleule, unakata vyote viwili kwa pamoja mraba mdogo, unabandua kilichoungua, unapaka gundi, unachomeka kipya, unasugua kwa kijiko.